Maji ya baridi yalivyonilazimu kumwambia binti yangu ukweli

Mwishoni mwa Juni binti yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, aliniomba shilingi 6,000. Nilidhani ni za madaftari.

"Za krimu, mama," alisema, akinionyesha picha kwenye simu yangu mwenyewe. Kopo halikuwa na jina la kiwanda wala orodha ya viambato. Liliahidi kumaliza chunusi na kung'arisha uso kwa siku saba.

Nilikataa. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaja na jambo jingine: video ya wanawake wanaozamisha uso kwenye bakuli la maji ya barafu, eti ngozi inakaza na chunusi zinakimbia.

"Hii ni bure. Na hii nayo utakataa?"

Nikakosa jibu. Sisi tunaishi Kinampanda, juu huku kwenye uwanda wa Iramba, na anayekijua kipupwe cha Singida anajua kwamba hatuhitaji friji. Ukiacha beseni nje usiku, alfajiri maji yake yanauma vidole. Nikamwambia tutafanya wote wawili kwa wiki mbili, na katika muda huo asiguse krimu ya mtu yeyote.

Tulipanga hivi: saa kumi na moja alfajiri, mmoja anazamisha uso, mwenzake anamhesabia hadi kumi kwa kumgonga mgongoni. Mara tatu kila mmoja.

Siku ya kwanza sikufika nne. Pumzi ilikatika, paji la uso likaniuma kama limebanwa na koleo, nikainuka nikikohoa. Mume wangu alichungulia dirishani akauliza, "Mnanawa au mnateswa?" Binti alicheka hadi akakaa chini. Kisha naye akazamisha uso, akatoka akilia machozi ya kweli. Mimi ni fundi cherehani. Asubuhi hiyo vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata kutunga uzi kwenye sindano nilishindwa.

Lakini tulipojitazama kwenye kioo, uvimbe wa usingizi ulikuwa umepungua na uso umechangamka. Tukaamini tumepata dawa. Kufika saa mbili, chunusi zilikuwa pale pale.

Siku ya sita, akiwa anajifuta kwa kanga, aliniambia bila kunitazama, "Shuleni wananiita Fenesi." Wanafunzi wenzake walianza mwezi wa tatu. Alikuwa anachelewa makusudi kutoka darasani ili asitembee nao barabarani. Miezi mitatu, nami nilidhani anabaki kujisomea.

Halafu akasema, "Wewe hujawahi kuchekwa, mama. Wewe una lile doa tu, na lile ulilipata kwa mimba yangu."

Msomaji, mashavuni nina baka jeusi. Tangu akiwa mdogo akiniuliza, nilimwambia lilikuja nilipokuwa mjamzito wake. Ni kweli mimba huweza kuleta mabaka. Langu silo. Langu ni la mkorogo.

Nilikuwa na miaka 22, nakaribia kuolewa, nikataka picha za harusi nionekane mweupe. Nilipaka miezi kadhaa. Mwanzoni watu walinisifu. Kisha jua likawa linaniunguza kama moto, na nilipoacha, uso ukajaa vipele na mashavu yakawa meusi kuliko nilivyozaliwa. Niliona aibu, na mtoto wangu nikamtwisha mzigo usio wake.

Nilimwambia yote pale pale, beseni likiwa katikati yetu. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mwanangu. Haikuwa wewe hata siku moja."

Asubuhi hiyo hatukuhesabiana tena. Alichukua ndoo akaenda kuwasha moto, na jioni ndipo aliponisemesha.

Tulimaliza wiki mbili. Matokeo ni haya: baridi inabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo uvimbe na wekundu hupungua kwa muda mfupi tu. Chunusi haziondoki. Vinyweleo havina msuli wa kufunga na kufungua kama mlango. Tena upepo wetu mkavu ulitumalizia: midomo ilipasuka, mashavu yakakauka. Wenye barafu wasiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, maana huunguza.

Baadaye nilimpeleka kwa mhudumu wa afya. Alimwambia anawe kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali mara mbili kwa siku, asiminye chunusi, aache mafuta mazito ya mgando usoni. Kwenye ngozi nyeusi, chunusi iliyominywa huacha doa linalokaa muda mrefu. Alimpa dawa ya kupaka yenye benzoili peroksaidi, aanze kidogo usiku, awe na subira ya wiki kadhaa. Hatukuambiwa kwamba hupausha vitambaa; foronya mbili nilizoshona kwa mkono wangu sasa zina mabaka meupe. Chunusi zimepungua, hazijaisha.

Mzazi mwenzangu, mwanao akikuomba krimu, usiishie kwenye "hapana" kama nilivyofanya. Soma kopo. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi usiotoka. Zenye steroidi, zikipakwa bila daktari, hufanya ngozi kuwa nyembamba na huleta chunusi zenyewe. Kama mtoto ameshaanza kupaka, mpeleke kwa mtaalamu, usimchape. Kisha muulize nani anamcheka, na wapi.

Juu ya lile jina, tulizungumza na mwalimu wake wa darasa. Bado kuna mmoja anayemwita Fenesi. Juzi binti alinisimulia alivyomjibu: "Fenesi ni tamu." Alisema akicheka, ila niliona bado linamuuma. Beseni limerudi kwenye kazi yake ya kufulia. Alfajiri mbili tatu kwa wiki bado tunaamka mapema, tunakaa jikoni karibu na moto, tunaongea.