"Najijua": Neno Lililonipoteza

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kulitamka neno hili: "Mimi najijua." Aghalabu mtu hulitamka anapopewa nafasi asiyoitarajia, naye hulitamka kwa upole, hata wanaomsikiliza wakamsifu kwa kutokuwa na tamaa. Mimi nililitamka mara mbili katika muda wa miaka mitatu, mbele ya mkuu wa karakana ninayofanyia kazi, aliponitaka niwe msimamizi wa zamu. "Nashukuru, mzee," nilimjibu, "lakini mimi najijua. Kusimamia watu siwezi. Niache na mashine zangu." Mara zote mbili nilirudi nyumbani nimetulia, kama mtu aliyeponea chupuchupu kugongwa na gari.

Utulivu huo ulivunjika jioni moja tulipokuwa tukila. Binti yetu, aliyekuwa Kidato cha Pili, alikuwa amechaguliwa na mwalimu wake aiwakilishe shule katika mashindano ya hesabu, naye akakataa. Mama yake alipomwuliza sababu, alijibu bila kuinua macho: "Mama, mimi najijua." Tonge lilinikwama. Hesabu ndilo somo analoongoza darasani! Ni nani basi aliyemfundisha maneno hayo? Ndugu msomaji, ni mimi. Twahangaika kuwawekea watoto wetu akiba na viwanja, kumbe wao wamekwisha kuturithi mengine tungali hai.

Mwezi uliofuata nilichukua likizo, nikaenda naye kwetu Sanje, kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Mpwa wangu huongoza wageni wanaopanda kuyatazama maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka kiasi cha mita 170, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Asubuhi moja alituchukua sisi pia.

Tulipokuwa katikati ya msitu, ulisikika mlio mzito uliopaa juu, kisha ukavunjika vunjika kama mtu anayesukutua maji kooni. Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu. Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, hujamwambia? Huyo ni ng'olaga tu." Papo hapo nikausikia mkono wa binti yangu ukilegea. Mnyama mwenyewe hatukuwa tumemwona bado, wala mlio haukuwa umepungua. Kilichobadilika ni kwamba sasa ulikuwa na jina.

Nikamsimulia habari ambayo kwetu kila mtu anaijua. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, waliusikia mlio kama huo katika msitu wa Mwanihana. Walikuwa wataalamu wa wanyama, lakini aliyeutambua papo hapo ni mwongozaji wao, mwenyeji wa huko, aliyewaambia kuwa huyo ni ng'olaga. Hivyo ndivyo ulimwengu wa sayansi ulivyomfahamu kima huyu mwenye kishungi, ambaye leo huitwa kwa jina la Sanje, na ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima ya Udzungwa. Wenyeji walimjua tangu zamani. Kwao hakuwa kioja.

Tulipofika kwenye maporomoko nilikaa juu ya jiwe, nikajiuliza: na ile sauti iniambiayo kwamba siwezi, nimepata kuiuliza jina lake? Nikajaribu kuikumbuka siku niliyoitwa na mkuu wa karakana. Kabla sijafikiri lolote, koo lilikuwa limenikauka, viganja vimelowa jasho, masikio yanawaka moto. Mambo hayo matatu niliyafahamu. Yalinipata mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, katika shule ambayo sina haja ya kuitaja, nilipoitwa mbele ya wenzangu wote kusoma taarifa. Sauti ilinikwama. Wanafunzi waliangua kicheko, na mwalimu akasema: "Rudi kwenye mstari. Wewe si wa kazi hii."

Wahenga walinena, mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mkuu wa karakana alipokuwa akisema na fundi mzima mwenye mke na watoto, aliyemjibu alikuwa yule mtoto wa darasa la sita. Nilidhani najijua, kumbe nilichokijua ni aibu yangu tu, nami niliitii kama mtu anavyotii amri halali.

Hapo nilimkumbuka marehemu mama yangu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa hesabu za serikali watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, ambao mwaka 1967 walikuwa kama 67 katika kila mia, walipungua hadi kama 10 katika kila mia ilipofika mwaka 1986. Mama alikuwa mmoja wa waliojifunza katika miaka hiyo, nami nilikuwa mtoto mdogo. Jioni moja alisimama mlangoni na daftari lake chini ya khanga, akamwambia jirani: "Naona haya sana. Lakini haya haina mkono wa kunishika. Nakwenda."

Yaangalie maneno yake, ndugu msomaji. Hakusema, "mimi si wa kusoma." Alisema, "naona haya." Lugha yetu ina hekima hapa: mwenye kuona ni mmoja, na kinachoonwa ni kingine. Mtu akisema "naona haya" amekwisha kusimama kando ya haya yake na kuitazama. Lakini akisema "najijua, siwezi," ameivaa haya yake kama ngozi, asiweze tena kuivua.

Sisemi kwamba kila shaka ni uongo. Iko shaka ya kweli, nayo hutambulika ukiihoji. Iulize: "Ni kitu gani hasa nisichokijua?" Shaka ya kweli itakujibu kwa kukutajia kitu: hujui kupanga zamu, hujui kuandika taarifa ya mwezi. Hiyo ishukuru, kisha nenda ukajifunze. Lakini ikijibu tu, "Wewe ni nani hata ufanye hayo?", ujue kwamba hiyo ni aibu ya zamani, na kujifunza kwako hakutaishibisha.

Siku ile ile, juu ya jiwe lile, nilimsimulia binti yangu kisa cha darasa la sita, ambacho hata mama yake sikuwahi kumwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, mimi naogopa wenzangu watanicheka nikishindwa." Nikamwambia kwamba hilo sasa lina jina. Tuliporudi alimwendea mwalimu wake, naye akashiriki mashindano. Hakushinda. Alirudi na kosa moja ambalo alitaka tulikokotoe pamoja usiku ule ule.

Nami nilimwendea mkuu wa karakana. Koo lilikauka vile vile, na masikio yaliwaka. Nilimweleza kwamba naitaka ile kazi, na kwamba kupanga zamu na kuandika taarifa sijui. Alinitazama kwa masikitiko. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa na kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Haikuningoja. Sasa jioni mbili kwa juma nakaa karibu na kijana huyo, naye hunifundisha kuandika taarifa. Naona haya, ndugu msomaji, lakini nakwenda.