Chungu cha Babu

Kila nyumba ina kitu chake kisichoguswa. Kwa wengine ni saa ya ukutani, kwa wengine ni picha ya marehemu. Kwetu Msambweni ni chungu cha maua, ambacho kilikuwa kimekaa pembeni mwa baraza tangu kabla sijazaliwa.

Chungu chenyewe hakikuwa cha udongo bali cha simiti. Babu alikitengeneza kwa mkono wake, na mdomo wake akaukunja kwa ndani, ati kipendeze. Alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Mwezi wa Agosti 1997 zilipozuka fujo za Likoni, watalii walikoma kuja, na wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani. Babu alikuwa mmoja wao. Siku ya mwisho alirudi na nguo zake za kazi na mashina matatu ya ua lililokuwa limetupwa jaani. Simiti ilipokuwa bado mbichi akachora ubavuni kwa msumari: 1997. Haya yote nimeyasikia kwa bibi, maana babu alifariki nikiwa nanyonya.

Ua hilo majani yake yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta ya nazi, nayo yamejipanga pande mbili za bua nene. Sisi tuliliita "ua la babu", basi. Halina makuu. Unaweza kulisahau mwezi mzima bila maji na lisinung'unike.

Lakini mwaka jana mambo yaligeuka. Mabua yalisongamana hata kidole hakipiti. Ukilimwagia maji, yanapita kandokando na kutokea chini papo hapo, kwa kuwa udongo ulikuwa umekwisha, imebaki mizizi mitupu. Majani ya katikati yakaanza kuwa manjano. Kisha nikaona ufa mwembamba umeanzia mdomoni unashuka kama njia ya siafu.

"Bibi, ua hili linataka chungu kipya," nikasema.

"Mke mwenzangu," akanijibu (ndivyo anitaniavyo), "chungu hicho alikiweka mume wetu. Nani kakutuma ukivunje?"

Nikanyamaza. Jirani mmoja akatoa shauri lake: liacheni life, muende msituni mkachimbe jingine linalofanana nalo. Bibi aling'aka! Kaya hakutolewi kitu, hata ukuni. Na kweli, msitu kama wa Kaya Kinondo umesimama mpaka leo kwa sababu wazee walishika mwiko huo, na mwaka 2008 UNESCO ikaziandika kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, Kinondo ikiwemo.

Siku moja nikalichukua jani nikampelekea mwalimu wetu wa Biolojia. Akaligeuza geuza, akacheka. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na si mgeni hata kidogo. Ni mmea wa Afrika, huota wenyewe kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi kwa biashara mnamo mwaka 1996, na sasa umejaa katika maofisi na sebule za Ulaya. Mimi miaka yote nilidhani ni ua la kizungu, kwa vile lilitoka hotelini! Mwalimu akaniambia pia kuwa chini lina viazi vya kuhifadhia maji, na viazi hivyo vikikosa nafasi hupasua chungu.

Nilipomweleza bibi alicheka hadi akatokwa na machozi. "Wazungu wanatoa pesa kwa majani ya msituni?" Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Jioni, baada ya Magharibi, akasema, "Kalete nyundo."

Kwanza tulijaribu kukiokoa chungu. Tuliliacha ua siku kumi bila maji ili udongo ujitenge, nikapitisha kisu pembezoni, tukalivuta. Wapi! Ule mdomo uliokunjwa ulilibana kama mtego. Hapo bibi akanipokonya nyundo. Aligonga polepole kufuata ufa, kwa upande ulio mbali na maandishi, mpaka kipande chenye 1997 kikatoka kizima. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa uangalifu namna ile.

Ndani, wallahi, mlikuwa na viazi vikubwa kama ndimu, na mizizi imejizungusha kama kamba. Tukavitenganisha kwa kisu mafungu manne, kila fungu na viazi vyake na mabua yake. Kumbuka kunawa mikono, utomvu wake unawasha, na watoto wasitie jani kinywani. Mafungu tukayaweka kivulini siku mbili ili majeraha yakauke, kwani kidonda kibichi kikiingia kwenye udongo wenye maji huoza. Vyungu vyetu vilikuwa ndoo za rangi na sufuria kuukuu. Tulizitoboa chini, tukafunika matundu kwa vigae, tukajaza udongo uliochanganywa na mchanga, usumba wa makumbi na samadi kidogo ya mbuzi. Vyombo navyo visiwe vikubwa mno, kwa kuwa udongo mwingi hukaa na maji.

Mafungu matatu yalishika. La nne nililiua mimi. Mchanga uliponiishia nilikimbilia ufuoni nikachota wa pwani, nikasahau kuwa una chumvi. Baada ya wiki chache majani yalikunjamana, na viazi nilivikuta vimekuwa uji. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Babu yako angekuchapa," na hilo liliniuma kuliko kuchapwa.

Sasa kile kipande chenye 1997 kimeegemezwa ukutani nyuma ya ndoo kubwa, na bibi hukifuta vumbi kila Ijumaa. Ndoo ya pili alipewa yule jirani wa shauri la msituni. Ya tatu ndiyo ile mnayoiona hapa shuleni nje ya maktaba. Mara moja kwa wiki mbili inatosha, tena maji. Wiki iliyopita niliwaona wanafunzi fulani wakiimwagia chai.