Je, Mtoto Wako Anacheza na Nani?

Akina mama wenzetu wapendwa, mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tunaisema harusini na kwenye vikao vya akina mama, kisha tukirudi nyumbani kila mmoja hufunga mlango wake na kulea peke yake. Hebu leo tuitazame kwa upande mmoja tu, nao ni mchezo wa watoto wetu wadogo, wale wa miaka 2 hadi 6 ambao bado hawajaanza darasa la kwanza.

Kwihara yetu iko kilomita chache kutoka mjini Tabora. Wageni huja kulitazama tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872, akingojea wapagazi baada ya kuagana na Stanley. Enzi hizo misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita katika nchi hii ya Unyanyembe, ikiwa na pembe za ndovu, na watumwa pia. Misafara imekwisha, lakini miembe mikubwa ingalipo, na wageni wakiondoka, kivuli cha miembe ni cha watoto. Hapo ndipo wanapocheza kombolela, rede, mdako na kuruka kamba. Wadogo hujipikilia udongo kwenye vifuu na kumkaribisha kila apitaye.

Kwa hiyo nafasi ya kuchezea tunayo. Tulichopungukiwa ni mtu mzima wa kuwaangalia.

Yaya wa zamani yuko shuleni

Zamani aliyewaangalia wadogo alikuwa dada yao wa miaka 8 au 9. Mama alikwenda shamba, na binti akabaki na mdogo wake mgongoni, akichezea hapo hapo alipo. Kisha ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, na baadaye mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, wakati ada ya shule ya msingi ilipokuwa imefutwa. Leo binti yule yuko darasani, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Hakuna hata mmoja wetu anayetaka arudishwe nyumbani kulea.

Lakini nafasi aliyoiacha haikujazwa na mtu. Katika nyumba nyingi imejazwa na mlango uliofungwa, au na simu ya baba aliyopewa mtoto ili atulie. Wale kati yetu tulio wauguzi tunaulizwa mara kwa mara kliniki kama kuna ubaya wowote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kujishughulisha kwa mwili dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Kuketi mbele ya televisheni au simu kusizidi saa moja, na aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele yake kabisa. Dakika 180 haziwezi kupatikana chumbani. Wala mtoto hawezi kujifunza peke yake kungoja zamu, kushindwa bila kulia, na kuomba radhi aliposukuma mwenzake.

Hofu ambayo si ya bure

Akina mama hawafungi milango kwa uvivu. Wana hofu, na hofu nyingine ina sababu. Pikipiki zimekuwa nyingi. Mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali hujaa maji masika yakianza. Na katika mikoa yetu ya magharibi na ile ya Ziwa, wazazi wa watoto wenye ualbino wamebeba hofu nzito zaidi ya hizo. Habari za mauaji zilizagaa sana miaka ya 2007 na 2008. Mwaka 2024 zilirudi: mtoto wa kike mwenye ualbino, ambaye hata miaka 3 hakuwa ameitimiza, alichukuliwa nyumbani kwao mkoani Kagera, akauawa.

Mtaani kwetu yupo mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 4 mwenye ualbino. Baada ya habari ile hatukumwona tena mtoto nje. Tulikwenda kumwona mama yake, wanne kwa pamoja, jioni moja. Hatukumwambia asiogope, kwa maana tungemwambia hivyo kwa msingi gani? Alitupokea vizuri, akatupa viti, mtoto akachungulia nyuma ya pazia. Mkubwa wetu kwa umri akamuuliza, "Mwanangu, mtoto huyu akikosekana saa hii, nani atakayejua kwanza?"

Alikaa kimya, kisha akajibu, "Ni mimi tu, mama."

"Na wewe ukiwa kisimani?"

Hapo hakujibu. Nasi tuliondoka na swali hilo hilo vichwani, kwa sababu lilituhusu sote. Mtoto aliyefichwa anajulikana na mtu mmoja. Mtoto anayecheza na wenzake mbele ya mama aliye macho anajulikana na mtaa mzima. Akichelewa, anaulizwa. Mgeni akimsogelea, anaonekana.

Zamu yetu

Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa nguvu, lakini hata wao mzigo waligawana. Hakuna aliyebeba msafara mzima kichwani. Nasi tukagawana. Tuko akina mama watano, Wakristo na Waislamu, nyumba zetu zinatazamana. Kila mmoja ana siku yake, Jumatatu hadi Ijumaa. Kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili kasorobo, jua likiwa limepungua makali, watoto kama kumi na wawili hukusanyika kwenye uwanja wa mwenye zamu. Wale wanne wengine hupata nafasi ya kuchota maji, kupika, au kupumzisha mgongo tu.

Taratibu zetu ni chache, na tumeona zinatosha:

1. Kila mtoto akifika humwamkia mwenye zamu, na akiondoka huaga. Si adabu peke yake. "Shikamoo mama" na "Marahaba mwanangu" ndiyo hesabu yetu. Anayejua amepokea shikamoo ngapi anajua ana watoto wangapi.

2. Mwenye zamu hukaa mahali anapowaona wote. Anaweza kuchambua mchele au kusuka mkeka, lakini haendi dukani. Akipata dharura, humwita mwenzake kwanza.

3. Mtoto haondoki na mtu asiyetajwa na mama yake, hata kama mtu huyo ni ndugu.

4. Hakuna mtoto anayerudishwa kwa kukosa viatu au kwa nguo chakavu, wala anayebaguliwa kwa sababu wazazi wake wamegombana na jirani.

5. Wakati wa kilimo, Novemba hadi Aprili, anayechelewa shamba hubadilishana siku na mwenzake. Watoto hawapelekwi kuchezea kwenye tumbaku wala karibu na mabani yenye moto.

Kabla watoto hawajafika

Zunguka uwanja wako kwanza. Mwaga maji yaliyo kwenye ndoo na beseni, kwa maana mtoto mdogo anaweza kufa maji katika kina kidogo sana, bila hata kupiga kelele. Funika kisima. Fyeka nyasi na ondoa lundo la kuni lililo karibu, ambamo nyoka hujificha. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, bali mkimbizeni hospitali. Akiumwa na nyoka, atulizwe na mguu au mkono ule usichezeshwe. Msichanje wala kufunga kamba ya kubana, mpelekeni haraka. Mabwawa na madimbwi yenye konokono yana kichocho, basi watoto wasiogee humo. Msimu wa maembe, maembe yaoshwe kwa maji safi na mikono kwa sabuni.

Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na akae kivulini hata jioni, kwani kwake jua la miaka mingi huleta saratani ya ngozi. Macho yake pia huona kwa shida vitu vya mbali. Usimwambie akae pembeni, bali msogeze karibu na mchezo.

Jambo hili la mwisho tulifundishwa na watoto wenyewe. Yule mvulana alipoanza kuja, alikuwa haoni mpira wa soksi unaporushwa kwenye rede, na kila mara alitoka wa kwanza. Hakuna mama aliyesema neno. Siku ya tatu tukaona wenzake wameuvika mpira kitambaa chekundu. Wiki chache baadaye alichelewa. Mwenye zamu alipoinuka ili aulize, watoto watatu walikuwa tayari mlangoni kwao wakimwita jina. Alikuwa anaoga tu. Mama yake alikuja naye akicheka, akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Hatusemi kwamba zamu inaondoa uovu wote. Serikali ina wajibu wake wa kulinda na kuadhibu, na baba nao wana wajibu wao. Mume wa mmoja wetu ndiye aliyefukia shimo la matofali lililokuwa nyuma ya uwanja, na wengine wameanza kuuliza wasaidie nini. Lakini kuna ulinzi ambao mlango hauwezi kuutoa, nao ni kujulikana na watu wengi wanaokupenda. Nabii Zekaria, alipoueleza mji uliorudishiwa amani, aliwataja wazee walioketi njiani na wavulana na wasichana wakicheza.

Basi, mama mpendwa, usingoje mkutano mkubwa. Jumapili hii ukitoka ibadani, au jioni hii ukikutana na jirani kisimani, mtaje mtoto wake kwa jina na umwulize anapenda mchezo gani. Kisha mwambie, "Kesho alete kwangu, keshokutwa wangu aje kwako." Mkiwa wawili, zamu imekwisha kuanza.