Wosia kwa Wajukuu Wanaotaka Kuacha Ngano

Wajukuu wangu wapendwa,

Wosia huu ni wenu nyote, mlioko hapa Kisumu, mlioko Nairobi na mlioko ng'ambo. Mungu amenijalia umri mrefu, na sasa nguvu za kushika kalamu zinapungua. Kabla sijaondoka nataka niwaachie neno juu ya jambo linalozua ubishi kila mnapokusanyika mezani kwangu: kuacha ngano ili mtu aone kama afya yake itakuwa bora. Mmoja wenu hagusi tena chapati wala mkate. Mwingine anamcheka. Wa tatu aliniuliza faraghani kama naye aache, kwa kuwa tumbo humjaa gesi kila jioni. Nilifundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na mimi mwenyewe nimewahi kuiacha ngano. Nawaandikia kama mwalimu na kama babu yenu.

Neno langu ni hili: jaribuni, lakini kwa utaratibu. Mwili hutoa jibu la kuaminika ukiulizwa swali moja kwa wakati mmoja.

La kwanza, ijueni historia ya chakula chenu ili msibabaishwe na yeyote. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mafundi na wenye maduka wa Kihindi waliokuja nayo walikuja na chapati. Lord Delamere alilima ngano kule Njoro, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga ya Unga. Kabla ya hapo watu wa ufuo huu wa ziwa, kuanzia Asembo hadi Kendu Bay, walilea watoto kwa ugali na uji wa mtama na wimbi, pamoja na samaki na mboga za kienyeji. Kwa hiyo anayeacha ngano haigi Wazungu, na anayeila hajaisaliti asili yake. Mama anayesukuma chapati mtaani Kondele tangu alfajiri analipa karo kwa kazi hiyo. Msimtukane kwa kuiita ngano sumu mbele yake.

La pili, na hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote: pimeni kabla ya kuacha. Kuna ugonjwa unaoitwa siliaki. Mwenye nao akila gluteni, ile protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mdogo, na chakula hakifyonzwi inavyotakiwa. Mtu huharisha, hukonda, hupungukiwa damu hata akimeza vidonge vya madini ya chuma, na mtoto hudumaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya vita ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika nchini kwao, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Wala msidhani ni ugonjwa wa Ulaya pekee. Mwaka 1999 watafiti walieleza kwamba zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 waliopimwa miongoni mwa wakimbizi wa Sahara Magharibi walioko Algeria walikuwa nao.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, nacho hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa kwa sababu ya gluteni. Ukiwa umeacha ngano miezi kadhaa, kingamwili hizo hupungua, na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Basi nendeni hospitali mkiwa bado mnakula chapati, iwe ni kituo cha afya cha mtaani au Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi, ambayo sisi wazee wa mji bado tunaiita Russia. Mwambieni daktari waziwazi kwamba mnataka kujua kuhusu siliaki. Akigundulika nayo mmoja, ndugu zake wa tumbo moja, wazazi wake na watoto wake nao wapimwe, kwa maana ugonjwa huu hufuata damu. Aliye na siliaki huacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote, hata kipande kidogo asionje. Huyo hayuko tena kwenye majaribio.

La tatu, msiisingizie ngano magonjwa ya ziwa. Sisi tunaoga na kuvua katika maji yenye konokono wanaobeba kichocho, na kichocho cha utumbo huleta maumivu ya tumbo, kuhara na damu kwenye choo. Minyoo na amiba wapo. Kifua kikuu hukondesha. Kijana wa ufuoni Dunga anayeumwa tumbo akiacha mkate bila kupima choo, huenda akapoteza mwaka mzima huku ini lake likiharibika kwa ugonjwa ambao dawa yake, prazikwanteli, inajulikana. Ukiona damu, ukikonda bila sababu, au homa ikikurudia, usingoje majaribio ya chakula. Na mtoto mdogo asiondolewe ngano kwa uamuzi wa mzazi peke yake. Daktari amwone kwanza.

La nne, vipimo vikiwa safi na tumbo bado linasumbua, hapo jaribio lina maana. Nitawaeleza nilivyofanya. Tumbo langu lilikuwa likijaa gesi, na baada ya chakula cha mchana nilikuwa nasinzia kitini. Niliacha ngano yote. Asubuhi nikanywa chai kwa viazi vitamu au nduma badala ya mandazi. Mchana nikala ugali wa mtama na samaki badala ya chapati na maharagwe. Baada ya wiki chache tumbo likatulia. Wengi hufika hapo wakatangaza ushindi. Lakini nilipoacha mandazi, niliacha pia mafuta na sukari. Nilipoacha chapati kwa maharagwe, niliacha pia maharagwe na vitunguu vyake. Ikabidi nivirudishe kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku zake, huku nikiandika kwenye daftari nimekula nini, kiasi gani, na usiku umekuwaje. Chapati moja kwa samaki haikunidhuru. Chapati kadhaa kwa maharagwe jioni zilirudisha gesi yote. Tangu hapo nakula chapati kidogo, mchana, na mandazi nimeachana nayo.

Sayansi nayo imeona mambo yanayokaribiana na hayo. Katika utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2018, watu waliojiona hawapatani na gluteni ingawa hawana siliaki walipewa vitafunio vya aina tatu bila kujua kipi ni kipi: vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote kati ya hivyo. Kilichowasumbua zaidi kilikuwa fruktani, aina ya wanga iliyomo kwenye ngano, lakini pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Anayeacha mkate na kubaki na mchuzi uliojaa vitunguu atashangaa kuona hajapona.

La tano, fikirini mtakachoweka mahali pa ngano. Biskuti zisizo na gluteni za supamaketi ni ghali, na nyingi zimejaa sukari. Nendeni sokoni Kibuye siku ya Jumapili, mnunue mtama na wimbi kwa kipimo cha gorogoro. Bibi yenu huchanganya mtama mwekundu na muhogo mkavu kabla ya kupeleka kwenye mashine ya posho, kwa sababu mtama peke yake hauna mnato. Maji yakichemka hutia unga kidogo kidogo, husonga kwa mwiko mpaka ugali uachane na sufuria na rangi iwe kahawia iliyokolea. Ukiliwa kwa omena, yaani dagaa, na mboga ya akeyo iliyochemshwa kwa maziwa ikapungua uchungu, hakuna atakayekumbuka mkate. Wimbi nao una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika kila gramu 100. Uji wake unaolazwa uchachuke ni mzuri kwa mzee na kwa mtoto.

Angalieni mambo mawili hapo. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa paketi, wa ngano na wa mahindi, uongezwe vitamini na madini, ikiwemo madini ya chuma na asidi ya foliki. Unga wa mashine ya posho hauongezwi kitu. Basi msiache omena, maini, ndengu na mboga za majani, na binti anayetarajia mimba amwombe muuguzi vidonge vya foliki. Pili, unga wa uji wa mchanganyiko mara nyingine huwa na ngano ndani yake, na mashine iliyotoka kusaga ngano huacha vumbi lake. Kwa wengi wenu hilo si neno. Kwa mwenye siliaki ni jambo zito: asome paketi, au achambue nafaka zake mwenyewe na kuzisagisha kwenye mashine iliyosafishwa. Kuuliza si ujinga.

La mwisho, chakula kisiwatenganishe. Anayeacha ngano aseme mapema kabla ya kufika kwenye harusi au matanga, abebe viazi vyake ikibidi, na asiwahubirie wenyeji. Anayekula ngano asimlazimishe mwenzake kuonja kidogo tu. Aliyejaribu na asione tofauti yoyote arudi kwenye chapati yake kwa amani, maana hilo nalo ni jibu, na limempunguzia wasiwasi.

Nawaomba jambo moja mlifanye nikiwa bado hai. Yeyote kati yenu anayetaka kuacha ngano aende akapimwe wiki hii, angali anaila, kisha vipimo vikiwa safi anunue daftari na aanze. Mungu awape afya njema.

Babu yenu,
Kisumu