Sauti Haina Herufi

Neno la kwanza ambalo simu ilishindwa kumsomea mpwa wangu ni "pole". Shangazi yake aliyeko Makambako alikuwa ametuma ujumbe wa kumpa pole ya mafua. Simu ya dada ilikuwa na sauti ya Kiingereza peke yake, kwa hiyo ikatamka "poul", kama Mwingereza anayetaja nguzo. Mtoto akauliza, "Mjomba, Poul ndiyo nani?" Tukacheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Baadaye tukaugeuza kuwa mchezo: "wake" ikawa "weik", mji wa Same ukawa "seim", na Makete yetu ikakatwa mkia.

Mpwa wangu haoni. Presha ya macho ilianza kumpunguzia uoni kabla hajajua kusoma, na alipofikisha umri wa kuanza shule alikuwa amebaki na uwezo wa kutofautisha mwanga na giza tu. Alikuwa akikaa darasani na wenzake hapa Iwawa, akisikiliza wakiimba silabi zilizoandikwa ubaoni. Alizishika zote kwa kichwa. Ukimwambia "ba, be, bi" anamalizia mwenyewe. Ila hakujua "ba" inafananaje.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kusubiri ajira, kama wengi wa rika langu, na muda nilikuwa nao. Nikaichokonoa simu ya dada. Kwenye mipangilio, sehemu inayoitwa Ufikivu, nikakuta TalkBack, kisoma skrini ambacho simu nyingi za Android huja nacho tayari. Nikaweka na eSpeak, programu ya bure ya kutoa sauti, ambayo Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Sauti yake ni ya roboti mwenye kikohozi, lakini "pole" aliitamka sawasawa. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na mashine huipenda lugha ya namna hiyo. Ndani ya wiki mbili mtoto alikuwa anafungua ujumbe mwenyewe, anasikiliza habari, na ananikumbusha kwamba chaji imebaki asilimia kumi na mbili.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Tulikuwa tumeelekezwa shule ya bweni yenye walimu wa wanafunzi wasioona. Kufika huko ni safari ya siku nzima: basi la alfajiri mpaka Njombe, zaidi ya kilomita mia moja, kisha Makambako kwenye barabara kuu, na bado safari haijafika nusu. Dada alikuwa amelikubali jambo hilo kwa shingo upande. Sasa simu ikampa hoja.

"Mdogo wangu," aliniambia, "kama simu inamsomea, mwanangu aende mbali huko kutafuta nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kulitunga. Mtoto wa miaka tisa kulala mbali na mama yake ni jambo zito, hasa mtoto ambaye nyumbani anajua kila kizingiti kwa unyayo. Elimu ya wasioona katika nchi yetu ilijengwa kwa njia hiyo tangu mwanzo. Shule ya Buigiri, Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, ilikusanya watoto kutoka mbali kwa sababu vifaa na walimu vilikuwa mahali pamoja. Mtoto ndiye aliyesafiri kuvifuata. Dada alikuwa anauliza swali la haki: leo kifaa kikiwa mfukoni, kwa nini mtoto ndiye aendelee kusafiri?

Jibu lilikuja jioni moja bila kutafutwa. Nilikuwa namwandikia barua shangazi kwa niaba ya mtoto, yeye anataja, mimi naandika. Nikamuuliza kwa utani: "'Kwa sababu' ni neno moja au mawili?"

"Moja."

"Na 'hakuna'?"

"Mawili. Ha, na kuna."

Ukifikiri vizuri, hoja yake ina mantiki. Kwa masikio tu, "kwa sababu" hutoka kwa pumzi moja, na "ha" ya kukanusha husikika wazi kabisa mbele ya "kuna". Hata sisi tulio na macho na shahada tunaandika "kwasababu" kila siku kwenye simu zetu. Lakini sisi tukitaka kuhakikisha tunafungua kitabu. Yeye angehakikisha wapi? Sauti ilimpa habari zote za dunia, ila haikumwonyesha neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Sauti haina herufi, haina nafasi kati ya maneno, haina aya. Anayesikiliza tu anajua mengi, lakini kusoma na kuandika bado hajajua.

Hesabu ndiyo ilinimaliza. Simu ikisoma swali lenye sehemu na mabano, ukifika mwisho mwanzo umeshapotea. Mwenye macho hurudisha jicho nyuma. Asiyeona anahitaji mahali pa kurudisha kidole.

Mwalimu mmoja mstaafu wa elimu maalumu, anayeishi safari fupi ya bodaboda kutoka kwetu, alituazima kibao cha kuandikia nukta nundu na kalamu yake yenye ncha ya chuma. Akamfundisha mtoto, nami nikajifunza pembeni. Nukta ni sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu, na mpangilio wake hutoa alama 63. Herufi a ni nukta moja. Ongeza moja chini yake, umepata b. Kwa hizo mbili tu mtoto aliandika "baba" siku ya kwanza, na dada akanuna kidogo kwamba "mama" imesubiri mpaka wiki iliyofuata. Kwenye kibao unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta zinatokeza upande wa pili wa karatasi. Ukigeuza ndipo unasoma.

Mwalimu alitusimulia habari za Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi huko Ufaransa. Alijichoma jicho kwa kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu, na maradhi yakalichukua jicho la pili. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshabuni mfumo huu wa nukta sita. Mpwa wangu alichukua muda kulitafakari hilo, kisha akasema, "Kumbe alikuwa mtoto." Tangu siku hiyo hakulalamika tena kuhusu kibao.

Kilichomshinda ni Julai. Anayeijua Makete anajua Julai yake: asubuhi mashamba ya viazi yameungua kwa baridi, na vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Kidole kilichokufa ganzi hakiisikii nukta. Kwa hiyo somo lilianzia jikoni, mikono juu ya moto, dakika kumi za kuota ndipo karatasi ifunguliwe. Kinyume chake simu haikujali baridi, ila umeme ulipokatika ilizimika, na kibao kikaendelea. Ndivyo nilivyoanza kuacha kuvilinganisha kama wagombea wa kiti kimoja. Kila kimoja kina siku yake mbaya.

Hata hivyo, nukta zina gharama ambazo simu haina. Karatasi yake ni nene, na kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa hugawanyika kuwa majuzuu kadhaa makubwa. Mashine ya Perkins, ambayo David Abraham aliibuni Marekani na ikaanza kuuzwa mwaka 1951, bado ndiyo mashine ambayo wanafunzi wengi wasioona wanaitegemea, na si kitu cha familia ya wakulima wa viazi kununua. Kwa hiyo sauti ina kazi kubwa ya kufanya. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta au vya kusikiliza bila kumwomba kibali mwenye hakimiliki. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na katika kishikwambi cha Android kisoma skrini ni suala la kukiwasha tu. Inabaki kumpata mwalimu anayejua kwamba kipo.

Lakini siku ya mtihani wa Taifa simu haiingii. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu kwa watahiniwa wasioona na kuwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwenye masomo mengine. Muda huo haumsaidii mtoto ambaye vidole vyake havijui kusoma.

Nilimwambia dada hayo yote, si siku moja. Hakubishana na nukta. Aliziona mwenyewe zikimwingia mwanawe. Alichosema ni hiki: "Basi serikali itakapomleta mwalimu hapa, wa nyumba ya jirani asiende mbali kama wangu." Nami naliandika hapa kama alivyolisema, maana ndilo dai lenyewe. Mtoto akaondoka Januari, na sanduku la bati, na kibao cha mwalimu mstaafu ambacho mwenyewe alikataa kurudishiwa.

Mwezi wa tatu kondakta wa basi alituletea bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na karatasi tatu ngumu zilizoandikwa kwa Perkins. Nikaziinamisha kwenye mwanga wa dirisha, maana mimi nukta nazisoma kwa macho, na nikamsomea dada kwa sauti. Huko kuna joto. Ugali ni mwingi, viazi hakuna. Rafiki yake anatoka Songea. "Kwa sababu" ilikuwa maneno mawili, na nafasi yake katikati.

Nyumbani, kila ujumbe wake ulisomwa na simu mbele ya watu wote. Hakuwahi kuwa na neno lake peke yake. Kwenye karatasi ya tatu nilifika mstari uliosema: "Mjomba, kuanzia hapa usimsomee mama."

Nikanyamaza. Dada akasubiri. "Imeishia hapo?" akauliza.

"Kwako imeishia hapo, dada," nikamjibu.

Alinitazama, akaelewa, akaichukua ile karatasi. Akapitisha vidole vyake juu ya nukta taratibu, asiambulie kitu, huku akitabasamu.