Kituo Kilivyopata Wenyewe

Msimu wa machungwa ukianza Muheza, na mashauri huanza. Jirani amevuna miti iliyo ng'ambo ya mpaka. Mjane ameambiwa na shemeji zake kwamba shamba ni la ukoo, achukue vyombo vyake arudi kwao. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mweka hazina wa kituo cha msaada wa kisheria wilayani humo, anawakumbuka watu hao wakisubiri kwenye benchi tangu asubuhi, wengine wametembea kutoka vijiji vya chini ya milima ya Amani.

Alijiunga na kituo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zilikuwa ngeni. Sheria hizo zilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, lakini shambani habari hizo zilikuwa bado hazijafika. Tena siku hizo mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi ya watu wa kawaida husikilizwa. Mjane aliingia peke yake. Silaha yake ilikuwa yale aliyoelezwa kituoni: aje na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na mashahidi wanaolijua shamba.

Wasaidizi wa kisheria si mawakili. Ni mkulima, fundi cherehani, mwalimu, watu waliopewa mafunzo ya kushauri, kuandika barua, kusuluhisha na kumwelekeza mtu pa kwenda. Mwalimu alipenda kusimulia shauri la Bi Hawa Mohamed, ambamo Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Aliwasimulia wanawake waliokuja wakiamini kwamba asiye na mshahara hana chake ndani ya nyumba. Wengi walimtaka arudie.

Mwanzoni kituo kiliishi kwa chumba cha kuazima na ada za wanachama. Baadaye fedha za wafadhili zikaanza kufika wilayani. Mwaka 2011 ulianzishwa LSF, mfuko wa kugharimia huduma za kisheria, kwa fedha za Denmark, na vikundi vya wasaidizi wa kisheria nchini vikapata mafunzo na ruzuku. Zilikuwa fedha zenye manufaa makubwa. Vijiji ambavyo havijawahi kumwona mtu wa sheria vilifikiwa. Kisha Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikawatambua rasmi wasaidizi hao, ikawataka wasajiliwe na huduma yao iwe bure.

Bure kwa mwenye shida, lakini gharama zipo palepale.

Mwalimu alilijua hilo kuliko yeyote kwa sababu daftari lilikuwa mikononi mwake. Fedha za mradi huja na mafungu yake. Semina ina fungu, posho ina fungu, hata fulana zina fungu. Kodi ya chumba, umeme na wino wa printa huachiwa kituo chenyewe. Mradi mmoja ulipofika mwisho bila mwingine kufuata, ofisi ilifungwa kufuli. Majalada yakahamia sebuleni kwa Mwalimu, na watu wakawa wanamfuata barazani kwake, wakieleza siri za ndoa zao huku wapita njia wakisikia.

Mabadiliko yaliletwa na mama mmoja muuza machungwa wa stendi, aliyekuwa amesuluhishwa na ndugu zake miaka ya nyuma. "Mwalimu, harusi tunachanga, msiba tunachanga. Hili mbona mlitunyamazia?"

Wanakamati waliogopa. Kumwomba mtu uliyemsaidia kunakaribia kumtoza, na kumtoza ni kuvunja sheria. Wakajadiliana, wakaweka masharti: mwenye shauri linaloendelea hapokewi mchango wake, pesa haipokelewi mezani kwa msaidizi, inatumwa kwa simu kwenye namba ya kituo, na hesabu zinasomwa hadharani. Vikundi viwili vya vicoba vilianza, wakafuata walimu wastaafu, msikiti, kanisa na wenye maduka. Mwenye nyumba naye akapunguza kodi.

Jaribio kubwa lilikuja pale mfanyabiashara aliyechangia vizuri alipogombana na jirani yake kuhusu mpaka. Alitarajia kuegemewa. Aliambiwa kwamba jirani naye atasikilizwa, kwenye benchi lile lile. Alikasirika, akaacha kuchangia kwa muda, kisha akarudi. Kwa Mwalimu, siku ile kituo kilipata heshima ambayo hakuna ruzuku ingeinunua.

Michango ya mtaa haitoshi kwa kila kitu. Mafunzo mapya na mafuta ya pikipiki ya kupanda Amani bado yanahitaji wafadhili wakubwa. Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria, iliyozinduliwa mwaka 2023, imefikisha mawakili vijijini, lakini kampeni ikishapita, anayefuatilia jalada wiki hadi wiki ni msaidizi wa palepale. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya Afrika Mashariki yalijikuta yakipunguza watu kwa ghafla. Muheza mlango ulibaki wazi kwa sababu kodi yake ilitoka Muheza.

Siku hizi daftari analo kijana mmoja, na Mwalimu amebaki mchangiaji kama wengine. Ombi lake kwa wasomaji ni jepesi: nendeni kwenye kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nanyi, ulizeni kodi ya mwezi ni kiasi gani, tafuteni wenzenu ishirini mgawane, na mtoe kila mwezi bila kungoja mradi ufe.