Kichina na Kiilokano: Nilichokisikia Vigan

Ukifanya kazi ya uuguzi Uingereza, Wafilipino ni wenzako wa kila zamu. Wengi wetu huwaweka wote kwenye kapu moja na kudhani wanazungumza lugha moja, kumbe nchi yao ina lugha zaidi ya 100. Wenzangu kadhaa wodini wanatoka kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, na lugha yao ni Kiilokano, ya tatu nchini kwa idadi ya wanaoizungumza tangu utotoni. Mara nyingi wagonjwa huwauliza: "Hicho mnachozungumza ni kama Kichina?" Nilipopata likizo na kualikwa kwao, swali hilo nilisafiri nalo.

Nilianzia Binondo, mtaa wa Wachina jijini Manila, ulioanzishwa mwaka 1594. Familia nyingi za Kichina za Ufilipino asili yao ni mkoa wa Fujian, na lugha ya nyumbani ni Kihokien. Siku hizi shuleni watoto hufundishwa Kimandarini. Lugha hizo mbili ni ndugu, ila anayejua moja tu hawezi kuielewa nyingine kwa kuisikia. Zote huimba: maana ya neno hutegemea sauti inavyopanda na kushuka. Katika Kimandarini, "ma" ya sauti iliyonyooka juu ni mama, ya sauti inayozama kisha kuinuka ni farasi, na ya sauti inayoanguka ghafla ni kukaripia. Neno lenyewe halivai kitu mbele wala nyuma. "Zuo fan" ni kupika chakula. Ukitaka kusema unapika sasa hivi, unatanguliza "zai". Ukimaliza, unaongeza "le". "Zuo" inabaki vilevile.

Kutoka Manila hadi Vigan ni kama kilomita 400, safari ya basi ya usiku kucha. Kulipokucha, watu waliokuwa wakiongea Kitagalogi na dereva walikuwa tayari wameshageukia Kiilokano, na hapo sikio la Mswahili linapata pa kushika. Kiilokano hakina uimbaji wa Kichina. Kina viambishi, kama sisi. Mzizi "luto" ni wa kupika: "agluto" ni kupika, "aglutluto" ni yuko katika kupika, "lutuen" ni kukipika kitu fulani. Mbuzi ni "kalding", na mbuzi wengi ni "kalkalding". Sisi tuna pika, anapika, pikia, mpishi, mapishi. Njia si zile zile, lakini mtindo wa kuchukua mzizi mmoja na kuuvalisha nguo tofauti tunaujua tangu utotoni.

Mkazo nao una kazi yake. Mwenzangu alinifundisha kwamba "bara" yenye mkazo mwanzoni ni joto, na yenye mkazo mwishoni ni mapafu. Kwa muuguzi hilo si jambo dogo! Nikamjibu kwa barabara ya magari, na barabara ya kusema "sawasawa kabisa", tunazozitofautisha kwa mkazo tu.

Kwa hiyo jibu la swali la wagonjwa ni hapana. Kichina na Kiilokano hazina undugu wa damu. Kiilokano ni cha ukoo wa lugha za Austronesia, ambao wataalamu wengi wanasema ulisambaa kwa mitumbwi kutoka kisiwa cha Taiwan, ambako leo wengi huzungumza Kichina. Ukoo huohuo ulivuka bahari hadi Bukini, yaani Madagaska. Sita, saba na nane kwa Kiilokano ni "innem, pito, walo", na kwa Kibuki ni "enina, fito, valo". Na Kibuki kinazungumzwa hadi Mayotte.

Lakini ujirani nao una nguvu zake, na Vigan ni mahali pa kuuona. Wachina walifika hapa kununua dhahabu na nta kabla ya Wahispania kujenga mji wao katika karne ya 16. Baadhi walibaki wakaoa wenyeji. Nyumba zao kubwa, chini za mawe na matofali, juu za mbao, bado zimesimama kando ya barabara ya Calle Crisologo, na mwaka 1999 UNESCO iliuweka mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mtaa wao wa zamani unaitwa Kasanglayan. Wahispania waliwaita wafanyabiashara wa Kichina "sangley", neno ambalo wengi wanaona limetokana na Kihokien na linahusu biashara. Waenyeji wakaliwekea "ka-" mbele na "-an" nyuma, likawa mahali pa Wachina. Ni kama sisi tulivyolichukua jina Mhindi tukapata Uhindini, au "kitabu" cha Waarabu tukakipa wingi wa "vitabu". Neno ni la mgeni, ila sheria za nyumba ni za mwenyeji.

Ukitembea kidogo unafika Pagburnayan, mahali pa kufinyangia "burnay", mitungi migumu ya kuhifadhia siki na pombe ya miwa. Ufundi huo uliletwa na Wachina. Jikoni kuna "pansit" na "miki", ambazo ni tambi, na "tokwa", jibini ya soya, majina yote ya Kihokien. Hata majina ya ukoo ya Kifilipino yanayoishia na "-co", kama Cojuangco, yanabeba neno la Kihokien la heshima kwa kaka mkubwa.

Hapo ndipo niliposimama kufikiri kama mzazi. Wajukuu wa wafanyabiashara wale leo wanazungumza Kiilokano. Kichina cha mababu kimebaki kwenye sufuria, kwenye mtungi na kwenye jina la ukoo. Hakuna aliyewapokonya. Walioa, wakalea, wakauza, na lugha iliyotumika kuwaamuru watoto waoge na walale ikawa ndiyo lugha yao. Majina ya vyakula yalidumu, vitenzi vikaondoka.

Kuna jambo moja ambalo Kihokien na Kiilokano vinafanana, bila kuambukizana, na Kiswahili hatuna. Lugha zote mbili zina "sisi" mbili. Kihokien kina "lan", sisi pamoja na wewe, na "gun", sisi bila wewe. Kiilokano kina "tayo" na "kami". Nilipoketi ugenini na kuambiwa "Mangan tayon", tule sasa, neno lenyewe lilishanihesabu mezani. Wangetumia "kami", ningejua mimi ni mtazamaji.

Waiilokano nao wamekuwa wahamiaji. Mwaka 1906 wanaume 15 wa kwanza kutoka Ufilipino walifika Hawaii kulima miwa, na waliowafuata wengi walitoka Ilocos. Hadi leo Kiilokano kinasikika huko, na Chuo Kikuu cha Hawaii kilichoko Manoa kinakifundisha hadi shahada. Darasa hilo linasaidia, lakini linampokea kijana aliyekwisha kukua.

Wazazi wenzangu wa Muscat, Leicester na Minneapolis, watoto wetu wanajua chapati, pilau na maandazi. Hayo hayatapotea, maana chakula kina kichwa kigumu. Kinachotaka kuangaliwa ni vitenzi: mwambie mtoto kanda unga, geuza, usiunguze, nimekuonjesha, tumekuwekea. Usimpe jina la chakula tu, mpe na kazi yake. Na kwa kuwa sisi tuna "sisi" moja tu, ni juu yetu kuhakikisha mtoto anapoisikia anajijua kuwa yumo ndani yake.